Kutoka matope ya Kivu hadi barafu ya Kanada: gari hutayarishwa kabla ya theluji ya kwanza

Ndugu zetu wengi wanaoishi Kanada na Marekani walijifunza kuendesha gari kwenye matope ya Kivu. Ujuzi huo unawasaidia, lakini hautoshi mahali ambapo bateri inakufa usiku kwa baridi na barabara inakuwa laini kama kioo. Kazi ndogo ambazo mtu anaweza kufanya mwenyewe mbele ya nyumba mwezi wa kumi ndizo zinazoamua kama atafika kazini mwezi wa kwanza, na kama atarudi.

Yaya yangu aliendesha kamyo miaka mingi kati ya Bukavu na Kamituga. Wanaoijua njia hiyo wakati wa mvua wanaelewa maana yake: kulala porini, kuchimba udongo chini ya magurudumu, kusukumana hadi asubuhi. Alipohamia Winnipeg, katikati ya Kanada, alijiambia kwamba barabara yenye lami haiwezi kumshinda.

Majira yake ya kwanza ya baridi yalimfundisha mambo mawili. La kwanza, asubuhi moja ya mwezi wa kwanza alizungusha ufunguo na gari likatoa sauti ndogo tu, kisha likanyamaza. Jirani hakuwapo, basi lilikuwa limepita, na siku hiyo ya kazi ilipotea. La pili lilitokea wiki chache baadaye. Alikanyaga freni mbele ya taa nyekundu kama alivyozoea, lakini gari halikusimama. Liliteleza taratibu, likavuka njia panda yote, likasimama ng'ambo. Ilikuwa usiku, hapakuwa na gari lingine. Sisi nyumbani alitusimulia miezi mingi baadaye, maana hakutaka mama akose usingizi.

Habari kama yake si ya mtu mmoja. Wakongomani wamejenga maisha mapya Gatineau na Sherbrooke huko Québec, Winnipeg, Grand Rapids, Des Moines, Portland ya Maine na miji mingine ambako theluji hukaa miezi. Wengi hufanya kazi za usiku au za alfajiri, mbali na nyumbani, saa ambazo mabasi ni machache. Huko gari si anasa. Ndilo linalompeleka mtu kazini, na kazi ndiyo inayotoa pesa ya kodi, na pia ile inayotumwa Bukavu, Uvira au Goma kulipia masomo ya watoto.

Theluji si kitu kigeni kabisa kwa nchi yetu. Juu ya mlima Ruwenzori, wenye urefu wa mita 5109, barafu iko, hata kama inazidi kupungua. Lakini hakuna barabara ya gari inayofika huko. Shofere wa Kivu anakutana na barafu kwa mara ya kwanza akiwa tayari na usukani mkononi.

Pine kwanza

Ukiwa na pesa ya jambo moja tu, weka kwenye pine. Mpira wa pine za kawaida huanza kuwa mgumu baridi inaposhuka chini ya digrii 7, hata kabla theluji haijaanguka. Pine ngumu haishiki barabara. Pine za baridi zimetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na michirizi yake ni mirefu zaidi, yenye mikato mingi midogo inayong'ata theluji. Utazitambua kwa alama iliyo ubavuni: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake nyota ya theluji.

Katika jimbo la Québec hili si suala la kuchagua. Sheria inadai pine za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, na anayekamatwa bila hizo hulipa faini ya dola 200 hadi 300, pamoja na gharama nyingine. Sehemu nyingi za Marekani na majimbo mengine ya Kanada hayalazimishi hivyo. Ila barafu haiulizi sheria ya jimbo.

Wengi wanaofika wanaamini kwamba gari la kat-kat, yaani lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta, halihitaji pine za baridi. Hilo ni kosa linalotoka nyumbani, ambako Land Cruiser ndiyo mfalme wa njia. Kat-kat inasaidia kuondoka. Wakati wa kusimama, gari lolote lina magurudumu manne yenye freni, na kinacholishika barabarani ni pine tu. Ndiyo maana kat-kat huonekana mara nyingi mtaroni siku ya theluji: ilipata mwendo kwa urahisi, ikashindwa kuupunguza.

Pine nne zote ziwe za aina moja. Ukifunga mbili tu mbele, nyuma ya gari itateleza na kukuzungusha. Ukinunua zilizotumika, pima kina cha michirizi: ikikaribia milimita 4, hazifai tena kwa theluji.

Kazi ya kubadilisha unaweza kuifanya mwenyewe ikiwa pine zimekwisha kufungwa kwenye rimu zake. Weka gari mahali pagumu na tambarare. Legeza nati kidogo kabla ya kupandisha kriki, siyo baada yake. Usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikiliwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja. Wakati wa kukaza, nenda kwa kuvukana, nati moja kisha ile ya upande wa pili, ili gurudumu likae sawa. Baada ya kilomita 80 hadi 100, kaza tena.

Halafu pima upepo mara kwa mara. Baridi inapunguza upepo wa pine hata kama haijatoboka. Pine iliyojazwa 2.3 bar siku ya digrii 20 za joto itabaki na chini ya 1.9 bar siku ya digrii 20 chini ya zero. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa shofere.

Bateri inakufa usiku

Kilichompata yaya yangu asubuhi ile kina maelezo mepesi. Ndani ya bateri umeme unatokana na kemia, na kemia hupunguza kasi kwenye baridi. Kwenye digrii 18 chini ya zero, bateri inaweza kubaki na karibu nusu ya nguvu yake. Wakati huohuo mafuta ya injini yamekuwa mazito, na injini inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Bateri iliyozeeka, ambayo ilikuwa inajikaza wakati wa joto, hapo ndipo inaposhindwa.

Bateri nyingi huishi miaka mitatu hadi mitano. Kama yako imefika umri huo, ipime kabla ya baridi kuanza. Maduka mengi ya piesi huko Marekani hupima bila malipo. Safisha vichwa vyake ukiona unga mweupe au wa kijani, na hakikisha nyaya zimekazwa.

Nunua pia nyaya za kuwashia, kisha jifunze mpangilio wake mchana, ukiwa na utulivu. Waya mwekundu unaanza kwenye alama ya kuongeza ya bateri iliyokufa, halafu kwenye alama ya kuongeza ya bateri nzima. Waya mweusi unaanza kwenye alama ya kutoa ya bateri nzima. Ncha yake ya mwisho haiendi kwenye bateri iliyokufa, bali kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lile, mbali na bateri, kwa sababu bateri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha washa lililokufa. Kuondoa ni kwa kurudi nyuma: uliyeunganishwa mwisho unatoka kwanza.

Onyo moja: bateri isiyo na chaji inaweza kuganda. Ukiona imevimba au imepasuka, usijaribu kuiwasha. Ita fundi.

Winnipeg na miji jirani, ambako usiku wa mwezi wa kwanza baridi inaweza kupita digrii 30 chini ya zero, wageni hushangaa kuona magari yenye waya wa umeme unaoning'inia mbele, kama pasi. Ni waya wa kifaa kidogo kinachopasha injini joto. Unauchomeka kwenye umeme wa nyumba saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Maegesho mengi ya huko yana soketi kwa ajili ya hilo. Kama gari lako lina waya huo na hujawahi kuutumia, unaiumiza injini na bateri bure.

Maji ya mto hayafai

Kwetu, radiatere ikipungukiwa, kijana anashuka na bidoni hadi kwenye mto. Desturi hiyo, ukiihamishia kwenye nchi ya baridi, inaua gari. Maji yakiganda yanapanuka, na yanapopanuka ndani ya injini yanaweza kuipasua. Injini iliyopasuka ni kilio, maana mara nyingi bei yake inapita bei ya gari lenyewe.

Kinachotakiwa ni antijeli. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji safi unakinga hadi karibu digrii 37 chini ya zero. Kuna kipimo kidogo cha bei rahisi kinachokuonyesha kama mchanganyiko wako bado una nguvu. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Na weka chupa mbali na watoto, na mbwa pia: antijeli nyingi ni sumu kali, na ladha yake ni tamu.

Kwenye mafuta ya injini, soma namba zilizoandikwa juu ya bidoni. Katika 0W-20 au 5W-30, namba iliyo kabla ya herufi W inahusu baridi: ikiwa ndogo, mafuta yanatiririka haraka zaidi gari linapowashwa asubuhi. Fuata kile kitabu cha gari kinachosema. Vidanji unaweza kufanya mwenyewe, lakini ifanye kabla ya theluji, kwa sababu kulala chini ya gari wakati wa baridi kali ni adhabu. Mafuta ya zamani usiyamwage chini. Maduka mengi ya piesi na vituo vya taka huyapokea.

Tangi la esanse usiliache likae chini ya nusu. Ukikwama njiani, esanse ndiyo moto wako. Wenye magari ya mazuti wajue kwamba mazuti ya kawaida huganda kama siagi kwenye baridi kali. Wanunue yale ya majira ya baridi.

Usipoona, huendeshi

Maji ya kuoshea kioo nayo yabadilishwe. Yale ya wakati wa joto huganda kwenye kioo ukiwa mbioni, na ghafla huoni kitu. Nunua yale yaliyoandikwa kwamba yanavumilia baridi kali, na uweke bidoni moja ya akiba ndani ya gari. Utayatumia mengi, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani inarushwa na magari na kupaka kioo rangi nyeupe.

Asubuhi, ondoa theluji yote: vioo, taa, na juu ya gari pia. Shofere anayetoboa tundu dogo tu mbele ya macho yake anaendesha kama kipofu. Theluji anayoiacha juu itamwangukia kwenye kioo atakapokanyaga freni, au itaruka na kumpiga aliye nyuma. Usimwage maji ya moto kwenye kioo chenye barafu. Kioo kinaweza kupasuka palepale.

Chumvi hiyohiyo inakula chuma. Kila baridi inapopungua kidogo, peleka gari lioshwe hadi chini ya tumbo. Ni dola chache zinazorefusha maisha ya mabomba ya freni.

Matope yanafundisha nini, na yananyamaza wapi

Shofere wa Kamituga, Shabunda au Walikale anajua mambo ambayo mtoto wa mjini hajui. Anajua kukanyaga mafuta polepole. Anajua kwamba gurudumu linalozunguka bure linachimba kaburi lake. Anajua kuondoka na vitesi ya pili, kuyumbisha gari mbele na nyuma kidogo kidogo, kuweka mawe na matawi. Yote hayo yanafaa kwenye theluji. Badala ya matawi, weka mchanga mbele ya magurudumu, au mazulia ya gari, na uwe na koleo.

Tofauti iko kwenye kusimama. Matope yanakuvuta, ukiachia mafuta, gari linapunguza mwendo lenyewe. Barafu haikuvuti. Kanuni za barabarani za Uingereza zinawaambia madereva kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kuwa mara kumi ya ule wa barabara kavu. Mahali ulipozoea kuanza kukanyaga freni, hapo unapaswa kuwa umekwisha kusimama.

Tofauti ya pili ni kwamba matope unayaona. Kuna barafu nyembamba isiyo na rangi, inayoonyesha lami iliyo chini yake kana kwamba ni maji tu. Hupenda madaraja, maana upepo unayapoza juu na chini, na hupenda sehemu zenye kivuli. Siku za hatari zaidi siyo lazima ziwe zile za baridi kali. Karibu na zero barafu inalowana juu na kuteleza kupita kiasi. Nayo chumvi ya barabarani haina nguvu nyingi baridi ikipita digrii 10 chini ya zero, kwa hiyo usiitegemee.

Gari likianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama mahali unapotaka kwenda, na geuza usukani huko bila kushtuka. Usiutazame mti, maana mikono hufuata macho. Kama gari lako lina ABS, kanyaga freni kwa nguvu na ushikilie. Utasikia inatetemeka mguuni na kunguruma. Wengi huogopa sauti hiyo na kuachia, wakati ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Kwenye gari la zamani lisilo nayo, kanyaga na kuachia mara nyingi kwa wepesi. Kifaa kinachoshika mwendo chenyewe kizime kabisa siku ya theluji.

Njia nzuri ya kujifunza ni kwenda kwenye maegesho matupu siku ya theluji ya kwanza, mahali panaporuhusiwa, na kukanyaga freni kwa makusudi ukiwa na mwendo mdogo. Yaya yangu alifanya hivyo baada ya usiku ule wa njia panda. Anakiri kwamba alipaswa kuanza na hilo.

Moshi usio na harufu

Hatari nyingine haitoki barabarani. Injini inayofanya kazi hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaua mtu kama anayelala usingizi. Usipashe gari joto ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi. Baada ya theluji nyingi, safisha kwanza bomba la moshi kabla ya kuwasha gari, na usiwaache watoto ndani wakingoja joto huku wewe ukipiga koleo nje, kama bomba limezibwa.

Ukikwama njiani, baki ndani ya gari. Wanaotoka kutafuta msaada katikati ya dhoruba hupotea karibu sana na magari yao. Piga 911, washa injini dakika kama kumi kila saa, fungua kioo kidogo, na uhakikishe bomba la moshi halijafunikwa. Ndiyo maana ndani ya gari lazima kuwe na blanketi, tochi, chakula kidogo, glavu na namna ya kuchaji simu.

Fundi bado ana kazi yake

Kufanya mwenyewe hakumaanishi kufanya yote. Freni zinazolia au kuvuta upande mmoja, usukani unaocheza, joto la ndani lisilokuja, hayo mpelekee fundi, na mapema. Theluji ikishaanguka, kila mtu anataka kubadilisha pine siku moja, na garaji zinajaa kwa wiki nzima. Anayekwenda mwezi wa kumi anahudumiwa kwa utulivu, na mara nyingi kwa bei nafuu.

Sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu pia. Bukavu inapokuwa mchana, kule ni alfajiri, na simu zetu nyingi huwafikia wakiwa njiani. Ukimpigia ndugu yako asijibu, usirudie mara tano. Mwache afike.

Mama yetu hajawahi kuiona theluji, isipokuwa kwenye picha. Lakini kila mwaka mwezi wa kumi unapoanza, anampigia yaya yangu siku ya Jumapili na kumuuliza kwanza kama wamepona wote, halafu kama amekwisha kubadilisha pine. Mwaka jana alijibu kwamba bado, atafanya wiki ijayo. Mama hakukata simu hadi alipomtajia siku.